Mkalimani wa Ijumaa

Mkataba ulisema: siku tatu, ukumbi wa Kaloleni,
Kiingereza na Kifaransa kuja Kiswahili,
chakula cha mchana, nauli ya kurudi Umoja.
Jumatano nilimpata mtu wa Busan anayeimba ndani ya ndoo,
Alhamisi wawili wa Montevideo waliogombana kwa irabu tupu,
lakini hao angalau walikuwa na dibaji.
Hakuna aliyeniambia kwamba wa Ijumaa,
Ketevan, kutoka Tbilisi,
hasemi.

Nilimfuata nyuma ya pazia na daftari.
Nipe maandishi, nikamwomba, nijitayarishe.
Akanitazama kana kwamba nimetaka risiti ya mvua,
akafungua kinywa, akanionyesha ulimi.

Basi nikaingia kibandani. Mbao mbichi, harufu ya gundi,
kiooni kidole gumba cha fundi Odipo.
Masikioni mwangu, pumzi zake.
Masikioni mwa watu mia moja na arobaini, mimi.
Mhazini Wairegi kasimama mlangoni na ankara,
ananiashiria kwa kalamu: sema.
Umeshalipiwa.

Akaanzia kooni. Kitu kama jiwe la kusagia
likiburutwa sakafuni katika nyumba iliyohamwa.
Nikakohoa kwenye maiki. Samahani, nikasema,
na nusu ya ukumbi ikadhani ni yeye anayeomba radhi.

Hapo nikateremka hadi ghala la lugha yangu,
kule chini kwenye vitu visivyo na umoja wala wingi:
pu ya gunia, chubwi ya jiwe, kacha ya kijiti,
giza totoro, mlango ndi, usingizi fo fo fo.
Mwalimu Shimenga wa darasa la sita alituonya:
haya ni mapambo, yasizidi mawili kwa insha.
Nikayamwaga yote.
Alipoanguka, nikasema tifu.
Aliponyamaza, nikasema jii,
nikaona aibu, maana nilikuwa nimeuvunja ukimya wake kwa kuutaja.
Watoto waliopenya kutoka uwanja wa mpira walicheka,
kisha wakaacha.

Kisha akatoa ba.
Moja. Akaigeuza ubavu, akaitazama. Ba.

Kidole changu kikateleza kwenye swichi.
Ba hiyo naijua. Nimeiacha nyumbani asubuhi
imekaa kitini, leso begani, uji haujaguswa:
mama, mwezi wa kumi na moja
tangu kiharusi kimwachie silabi moja ya matumizi.
Ba ni chai.
Ba iliyoinuliwa mkia ni nani huyo mlangoni.
Ba tatu za mbiombio, sufuria inaungua, we mtoto.
Na ipo ba ndefu, ya usiku,
ambayo sijawahi kuitafsiri.
Huwa najigeuza ukutani nikavuta blanketi.

Ketevan sasa aliitoa ile ndefu.
Aliishika mpaka mishipa ya shingo ikasimama,
mpaka Wairegi akasahau kalamu hewani.
Nikabonyeza swichi
na kwa Kiswahili sanifu, kwa sauti ya taarifa ya habari, nikasema:
"Usizime taa bado."

Sijui kama ndivyo alivyosema.
Bibi mmoja wa safu ya tatu alivua visikilizio
akaviweka mapajani taratibu, kama mayai.

Baadaye, kwenye fomu ya malipo,
palipoandikwa Idadi ya maneno yaliyotafsiriwa,
niliandika: moja.
Wairegi akalikata, akaandika mia tano, akapiga muhuri.
"Usiniletee balaa na wafadhili," akasema.

Nilifika Umoja saa tano. Alikuwa macho.
Tokeni za stima zimebaki mbili nukta nane.
Kwa miezi kumi na moja nimekuwa nikimzimia saa tatu kamili,
kubana matumizi, najiambia, na apate kupumzika.
Nilivuta stuli. Hakusema ba.
Alinitazama tu viatu, vumbi la Kaloleni.

Saa kumi alfajiri stima ikakatika yenyewe, zii,
nasi tu macho, wote wawili.