Kidole Gumba

Ukungu uligoma kuondoka Songwe.
Tulizunguka juu ya Mbalizi mara tatu,
jirani yangu akitapika, mimi nimempakata mwanawe,
namhesabia mawingu kwa Kinyakyusa.

Tulipotua, mhudumu akanibandika tishu kiganjani,
imekunjwa mara mbili,
mwandiko wa bluu, umelalia kushoto:
*Asante mama kwa mikono yako. Leo siku ya nne sijalala vizuri.
Usingekuwepo ningelia mbele ya abiria.*
Na chini, jina lake lote.

Nyumbani Uyole, Gwantwa akainua simu:
"Shangazi, hii wataipenda watu elfu kumi!"

Elfu kumi.
Nikaanza kuwahesabu kama yale mawingu:
huyu atauliza anakaa wapi,
huyu atafukua picha za harusi yake,
na mmoja, mwenye tai, ataishia kwenye *siku ya nne*,
amwite ofisini, afunge mlango.

Nikaweka kidole gumba juu ya jina.
"Sogeza, shangazi."
Sikusogeza.
Kina sugu ya jembe, miaka thelathini ya viazi;
kinatosha kumfunika mtu.

Hata hapa silitaji.
Nasema tu kwamba aliyempa jina hilo
alitaka mwanawe aonwe na Mungu.
Hakusema na kila mtu.

Tishu iko kwenye kopo la majani ya chai,
imeshaanza kunukia Rungwe.
Mvua ikipiga bati naikunjua,
naisoma,
namjibu kwa sauti, chumbani, peke yangu:
Haya mwanangu. Lala sasa.