Maji Yananuka

Neno lilikuwa langu. Nalikiri mapema
msije mkalitafuta kwa wengine.
Jumatatu, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nane,
nachekecha unga wa bajia, nikamwambia Nyamvula:
"Tangu waje wale wenye fulana za bluu
maji ya kisima yananuka jiki."
Basi. Sikuongeza chumvi.
Yalikuwa yananuka kweli.

Nyamvula akalipeleka kwenye kikoba,
kikoba kikalivusha hadi Makorora,
Makorora wakalivika koti jeupe,
na Alhamisi likanirudia kwenye simu ya mwanangu,
dakika mbili na nukta kumi,
sauti ya mwanamume anayejiita daktari,
anakohoa kidogo, kama mtu aliyesoma:
Ndugu zangu, msinywe. Inafunga vizazi.
Yuko mama mmoja alikunywa glasi moja,
ya pili hakuifikia.

Nami, mwenye neno, sikulitambua.
Lilikuwa limenenepa, limeota ndevu.
Nikashika kifua. Nikalituma kwa dada yangu Pongwe,
kwa shemeji yangu Muheza,
na chini yake nikaandika:
Nimelipata kwa mtu wa uhakika.

Msituone wajinga.
Pampu ya kisima kile ilikufa miaka sita.
Tuliandika barua, tukachanga nauli ya kuipeleka,
hakuja hata mtu wa kupiga picha.
Mwaka juzi walikuja na greda, wakalaza vibanda vyetu,
wakasema ni kwa faida yetu.
Leo wanakuja mbio, bure, na vidonge,
wanataka tufungue vinywa.
Husemwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.
Sisi hata ung'ongo hatukuuona.
Tulisikia nyasi.

Ijumaa, watu wametoka kuswali,
vijana wakampiga mawe Kilua Shemdoe,
mgawa dawa, mzaliwa wa mtaa huuhuu,
aliyekuwa akinikopa bajia tangu darasa la tano.
Ndoo yake ikapasuka.
Vidonge vikayeyukia kwenye mtaro,
na siku ile mtaro ulikuwa msafi
kuliko kisima chetu.

Jumamosi usiku mama yake Nyamvula akaanza kuhara,
maji meupe, kama yaliyooshewa mchele.
Kila mmoja wetu alilijua jina la kile kitu,
hakuna aliyelitamka.
Tukafunga mlango, tukaziba dirisha kwa kanga
jirani asije akatuitia gari.
Tukampa uji. Tukampa mizizi. Tukamsomea.
Macho yakazidi kurudi ndani.
Kulipokucha tukampakia kwenye bajaji.
Dereva alitutoza mara tatu:
naye alikuwa ameshaisikia ile sauti.

Maiti hatukupewa.
Walimtia mfukoni, wakamnyunyizia,
harufu ileile.
Nyamvula akaomba aoshe mikono tu,
ile mikono iliyomwogesha yeye,
na kijana mwenye barakoa akatikisa kichwa
bila kusema kwa nini.
Angesema kwa nini!
Angekaa nasi kwenye ule ukuta
dakika mbili na nukta kumi.

Usiku nikarekodi yangu:
"Ni mimi, mama bajia. Mimi ndiye niliyesema yananuka.
Yananuka kwa sababu yametiwa dawa.
Ni kipindupindu, jamani. Yanyweni."
Nukta kumi na nne.
Haikuvuka hata barabara.
Jibu lilikuja moja,
la shemeji yangu Muheza:
Wamekulipa ngapi?

Leo nimewasha jiko kama kawaida.
Kilua kapita, plasta kwenye paji, ndoo mpya,
hakunisalimu. Ana haki.
Nikamwita kwa jina lake la utotoni.
Nikachota kwenye ndoo yake,
wateja wananitazama, bajia zinaungua,
nikanywa glasi nzima.

Mmoja akauliza: "Vipi?"
Yananuka, nikamwambia.
Nikachota ya pili.