Majina Ambayo Sikuyachonga

Nalipwa kwa herufi.
Shilingi arobaini moja; nafasi kati ya majina ni bure.
Kila Novemba hupanda ngazi za Luthuli
kijana wa ofisi ya michezo, jasho shingoni,
kikombe kakifunga gazetini kama samaki,
na ndani ya bahasha, jina moja:
Mchezaji Bora wa Mwaka, Soka ya Vyuo Vikuu.
Moja tu. Kibati ni kidogo, hakibebi ubishi.

Nimechonga ishirini na matatu.
Teremka hapo chini kwenye maduka ya spika
uwaombe wenye nayo wakutajie matatu.
Watakuuzia spika.

Lakini taja Ekai Lokwang,
soksi moja juu, moja chini,
beki aliyesimama kama nguzo ya stima:
miaka minne, hakuna aliyempita mara mbili
kwa njia ileile.
Beki hapigiwi kura. Kura hukimbilia wavu uliotikisika,
haiujui mpira ambao haukufika.

Taja Zawadi Mghoi.
Mabao manne Ziwani, mvua ya Aprili, tope la magoti,
kisha huyo, viatu mkononi,
mtihani wa takwimu saa nane.
Tuzo ya wanawake mwaka ule haikuwepo.
Walimpa chupa ya chai
na makofi, ambayo hayachongwi.

Na Ndwiga! Ndwiga alikuwa akipiga pasi
mtu anageuka kutazama nani kamwita.
Goti likakatika Septemba.
Kura zilihesabiwa Oktoba.

Chanda chema huvikwa pete, wamesema.
Mimi ndiye sonara, niulizeni mimi:
nimeona vyanda vyema vikirudi bwenini vitupu,
viatu vikining'inia kwa kamba zake,
na kesho yake asubuhi viko uwanjani tena
vikifunga kamba zilezile.

Sasa la droo.
Mwaka mmoja bahasha ilisema SHIUNDU KHAMATI.
Herufi kumi na nne. Mia tano na sitini.
Nilimjua: winga wa kushoto,
alikuwa anakimbia kichwa kimeinama kidogo
kama mtu anayetafuta sarafu aliyoiangusha.
Nilikuwa napuliza vumbi la I ya mwisho
simu ikalia.
Fundi, acha. Kamati imekaa tena.
Jina la pili lilikuwa fupi.
Lile la kwanza hawakulilipia.

Kibati kiko humu, chini ya tupa,
kimeanza kuwa cheusi pembeni.
Kimekaa miaka kumi na sita. Sijui kwa nini.
Shaba hiyo ningeiuza kwa kilo.

Julai hii, baridi ya kuuma vidole,
akaingia bwana wa miwani, tumbo la kiasi,
akipuliza mikono.
Anataka kibao cha mlango:
Daktari wa Meno, Ghorofa ya Tatu.
Jina nani? Akaniambia.
Kalamu ikanisimama mkononi.
Bei gani herufi? Nikamtajia.
Ala! Basi hilo la kwanza weka S na nukta,
la pili linatosha.

Nikafungua droo. Nikatoa tupa.
Nikaifunga.

Bila kuinua macho nikasema:
Ziwani, nusu fainali, dakika ya themanini na nane,
ulitoka kwenye kibendera cha kona ukawaacha watatu.
Akanyamaza. Chini, spika zote za Luthuli
zilikuwa zikijaribiwa kwa mpigo.
Themanini na tisa, akasema.
Na walikuwa wanne. Mmoja aliteleza.

Alirudi Ijumaa kuchukua kazi yake.
Akakigeuza kibao kwenye mwanga wa dirisha,
akapitisha kidole gumba juu ya jina, polepole,
H, I, U, N, D, U,
sita ambazo hakuziagiza.
Fundi, umezidisha.

Nikamwambia sitamdai.
Nikamwambia shaba ikishachongwa haifutwi,
na mkono wangu, naapa, ulikuwa juu ya droo.