Visanduku Viwili

Fomu ina visanduku viwili:
ukoo wa mume, ukoo wa mke.
Tia alama kimoja. Sheria inaishia hapo;
haikusema kipi, imenawa mikono.

Karani wa manispaa ya Matsue
keshaelekeza kalamu kushoto,
kama amwonyeshaye mgeni pa kuvua viatu.

Mizue ana muhuri mkobani,
mwembamba kama kidole cha mtoto: Kuronuma.
Baba alimchongeshea
siku alipofungua akaunti ya posta.
Umepanga chumba, umenunua pikipiki,
umemzika baba mwenyewe.

"Na tukichukua langu?"

Hakuna aliyesema hapana.
Karani alivuta pumzi kwa meno.
Yoshiteru akasoma, neno kwa neno,
tangazo la chanjo ya mbwa ukutani.
Mama mkwe akakohoa,
naye yuko kwake, kilomita arobaini.

Kushoto, basi.
Akaubonyeza muhuri kwenye wino mwekundu,
Kuronuma ikashuhudia
kwamba Kuronuma imekwisha.

Hakuutupa. Uko kwenye kibakuli mlangoni,
na mleta vifurushi akigonga
ndio anaougongesha.
Yeye hasomi jina.
Anataka wekundu tu, ainame, aende.