Fomu ya Hananasifu

Maswali hamsini. Alama, moja hadi saba:
moja, nchi imejisitiri; saba, nchi iko uchi.
Nikaanza na la kumi na mbili, la mvua,
maana karatasi ilishalowa yenyewe.

Bi Sikudhani Mwinshehe akanikaribisha barazani,
pale palipobaki pa baraza.
"Mto ulikuwa kule," akaonyesha kwa kidevu,
ng'ambo ya viroba vya mchanga na tairi la lori.
"Hapo unapopita sasa palikuwa jiko langu."

Nikavuta futi kamba. Mita tisa na ushee.
"Na mwaka juzi?"
Akacheka, akaniita mlangoni.

Kwenye mwimo, mikwaruzo ya msumari:
huu Tabu, alipoanza shule.
Huu maji ya Desemba.
Huu Kondo, kabla hajaenda jando.
Huu maji tena;
Tabu yalimpita,
Kondo yakamwachia pua.

Swali la thelathini na moja: mikoko iliyobaki, kwa asilimia.
Nikaandika nilichohesabu Salenda.
Ofisini watajumlisha, watagawanya,
msitu wa mbali utalifidia bonde hili,
nchi itapata nne nukta mbili.
Si haba, watasema.

Niliporudi kuchukua sahihi
nikamkuta na tindo, anaung'oa mwimo.
"Nahamia Chanika.
Nyumba nawaachieni. Kipimo changu nakibeba."

Nikaweka fomu chini, nikashika upande wa pili.
Mti ulikuwa mzito,
bado una maji.