Banda la Ndege, Usoke

Lilikuja kwa lori la tumbaku kutoka Kibondo,
limejikunja kama mgonjwa:
matao kumi na tisa kwenye hati ya mnada,
kumi na nane tulipoyashusha.
Ndani ya gunia la bolti mlikuwa na bolti
na kiatu kimoja cha mtoto, cha kushoto.
Kapteni Nyamizi alikiweka juu ya dashibodi ya pikapu,
hakusema neno.

Watoto wa shule wakauliza, mnajenga nini?
Shigela akajibu, banda la ndege.
Ndege gani? Kuku? Kanga?
Lugha yetu nayo ina ubahili wake:
neno moja hutaga yai,
neno hilohilo hunywa mafuta lita hamsini kwa saa.

Kitabu cha maelekezo kilikuwa na picha tu,
watu wasio na nyuso wakiinua tao kwa vidole viwili,
juu hakuna jua, chini hakuna kisiki.
Sisi tulikuwa kumi na mmoja, na jua, na visiki.
Tao la kwanza lilisimama saa tatu,
saa nne likalala.
La pili lilimbana Kasubi kidole gumba,
akautaja ukoo mzima wa aliyelibuni
kwa Kinyamwezi, taratibu, bila kurudia jina.

Tulipotandaza turubai
tukaona mgongoni mwake herufi zilizosuguliwa kwa petroli,
bado zinasomeka ukiinama jua likiwa chini:
shirika fulani, wakimbizi fulani, mwaka fulani.
Yupo aliyepokelewa chini ya kivuli hiki,
akahesabiwa, akapewa blanketi.
Matundu tuliziba kwa mpira wa ndani wa baiskeli.
Viraka arobaini na viwili,
navijua, nilivibandika mimi.

Kusimamisha si kazi. Hata mlevi husimama.
Kazi ni kubaki.

Vigingi vilivyokuja nalo vilikuwa virefu kama kigasha changu,
vya nchi yenye udongo mtiifu.
Moramu ya Usoke wakati wa kiangazi
huitikia nyundo kama kengele;
mvua ikishika, inakuwa uji.
Nikamwambia Kapteni, hizi ni sindano za kushonea.
Akasema, basi tafuta msumari.

Tukachimba mashimo kumi na mawili, kina cha kiuno,
tukalaza ndani mataruma ya chuma ya reli ya zamani
(kwa risiti; ninayo mfukoni mpaka leo),
tukayafunga waya, tukayafukia,
tukashindilia kwa miguu
kama wazikao mdai wao.
Miaka yote yalilala chini ya treni
yakibeba uzito usizame.
Sasa yalale tena,
yashike wepesi usiondoke.

Upepo ulikuja Jumanne usiku, ukiitangulia mvua.
Ndege yenyewe ilikuwa bado Mwanza ikisubiri propela.
Tulikuwa tunalinda utupu.
Turubai likavuta pumzi, likajaa, matao yakalia moja moja,
nikaelewa jambo ambalo kitabu hakikuchora:
ndege husubiri rubani, husubiri ruhusa, husubiri mafuta.
Banda halisubiri.
Banda linataka kwenda sasa hivi, popote.
Shigela alining'inia kwenye waya wa nne kama nguo iliyoanikwa.
Waya ukalia, ukalegea, ukalia tena,
na huko chini kitu kikagoma.
Kikagoma!
Sijawahi kupenda ukaidi namna ile.

Asubuhi, mbayuwayu wawili juu ya tao la saba
wanakagua pembe, wanaingia, wanatoka.
Watoto wakapiga kelele: ndege wenu wamefika!
Kapteni akakitoa kile kiatu kwenye pikapu,
akakifunga kwa waya mwembamba kwenye nguzo ya mlango,
upande wa kushoto.
Sikumwuliza.
Nilikuwa na spana mkononi.
Waya wa nne ulitaka mizunguko miwili zaidi.