Fedha Isiyong'aa

Kwanza nilichoma mfupa.
Mfupa wa ng'ombe, wa paja, kutoka bucha ya Mwanjelwa.
Nikautwanga hadi ukawa unga mweupe kuliko sembe,
nikaukoroga na gundi ya moto, nikaipaka karatasi mara nne,
maana karatasi tupu haishiki fedha;
fedha huipita juu juu, kama mgeni asiyekaribishwa.

Kalamu yenyewe ilikuwa rupia ya Mjerumani.
Babu aliifukia chini ya figa, mama akaifukua,
sonara akaivuta ikawa waya,
nami nikauchomeka kwenye kipande cha mwanzi.
Kazi yangu ni kuchora vichwa vya saluni na matairi kwenye kuta za watu:
rangi ya mafuta, brashi pana,
kosa likitokea napaka juu yake.
Hapa hapakuwa na juu ya kupaka.

Atuganile aliketi dirishani. Juni, saa tatu asubuhi,
ukungu umeumeza Loleza mzima,
blanketi begani, mikono mapajani.
Miaka thelathini na mmoja Chunya
akiosha mchanga wa maduara ya wengine,
karai magotini, zebaki kiganjani.
Dhahabu aliipima. Hakuivaa.
"Nichore ning'ae," akasema.

Nikaanza na kope.
Fedha haipendi nguvu. Ukiikandamiza haikolei,
inakwaruza tu.
Inataka kupita, na kupita tena, na tena,
kama mbuzi wa Umalila wanavyochonga njia mlimani
bila hata mmoja kujua kwamba anachonga.
Kope, saa nzima. Shavu, siku mbili.

Siku ya tano nikakosea.
Vidole vyake hutetemeka, zebaki haijatoka humo;
mimi, kwa heshima, nikavichora vimetulia.
Akanyoosha shingo akaviona.
"Hivyo si vyangu."
Mkono wangu ukatafuta kifutio, kwa mazoea.
Fedha haifutiki.
Basi nikachora vingine kando ya vile,
na vingine tena, vyepesi, kando ya hivyo,
kila kidole mara tatu,
mpaka mkono mzima ukaanza kutetemeka juu ya karatasi
na yeye akaegemea kiti.

Nilipomaliza nikamgeuzia ubao.
Akainama, akautafuta mng'aro pembe hadi pembe.
"Mbona kijivu? Mbona kama jivu la jana?
Fedha iko wapi?"
Nikamwambia, ndiyo hiyo, bibi.
Ikishafanya kazi haing'ai.
Akacheka kwa pua.
"Hata ile nyingine," akasema, akaufunga vizuri ule upindo wa khanga.

Nikamweleza pia kwamba haijatulia:
hewa itaila taratibu, moshi utaila,
mwakani mistari itageuka kahawia
na sura itakuwa na rangi ya mtu.
Alinyamaza. Nilidhani hajasikia.

Jana nimepita kwake Isyesye.
Sebuleni ukutani, kalenda ya duka la pembejeo.
Picha nikaikuta jikoni,
imening'inizwa juu ya mafiga
katikati ya mahindi ya mbegu,
masizi yameshaugusa ukingo.
Nikafungua mdomo kugomba.

"Niache niive," akasema,
akasogeza kuni kwa vidole vyake,
vitatu vitatu.